Pini Nyekundu ya Kikosi cha Sita

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na ilipofika saa tano Mkurugenzi alishatuita kutugawia madaftari ya unyevu. Kila mtunza vyumba aandike asubuhi na jioni kipimo kinasema ngapi na dirisha gani linavuja. Watunza vyumba wenyewe ni mimi peke yangu, lakini barua ya wizara ilisema "watunza vyumba", kwa hiyo nimepewa madaftari mawili. La pili nimekuja nalo nyumbani na nimelifanya langu.

Kazi yangu ni kumtandikia kitanda mtu aliyekufa mimi nikiwa nanyonya. Nyumba ya Jemadari imekuwa makumbusho kwa miaka thelathini, na huu ni mwaka wangu wa tisa humo. Asubuhi nakunja pembe ya shuka upande wa kulia, naelekeza ndara zake dirishani, najaza glasi ya maji kando ya kitanda. Jioni namwaga maji. Wapo wageni wanaoingia chumbani kwa kunyata, wakidhani watamwamsha.

Mama ameniuliza naandika nini. Nimemwambia unyevu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Chumba cha kulala 71, maktaba 74. Kasuku, mtembeza wageni wetu, amepoteza koti lake la mvua na ananiangalia mimi kwa jicho baya.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yameingia Chumba cha Vita. Chumba hicho kiko chini ya nyumba, ngazi kumi na tisa, na ndicho wageni wote wanachokijia, kwa sababu humo ndimo Jemadari alimokaa miezi ya mwisho ya vita akipanga mapigano. Ukuta mzima umechukuliwa na ramani yake. Ni ile ile ya wakati huo, karatasi iliyogandishwa juu ya mbao, na pini zake: nyekundu vikosi vyetu, nyeusi adui. Maji yalikuwa yameshaanza kuteremka nyuma yake.

Tumeishusha mimi na Fundi. Fundi ndiye pekee anayeruhusiwa kuigusa, na ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua: kufuta vumbi kwenye karatasi za zamani, kunusa ukungu kabla haujaonekana. Ananiita binti, nami nina miaka arobaini na minne. Anastaafu mwezi wa tano. Leo alikohoa mpaka ikabidi aketi kwenye ngazi, na mwishowe nikamfukuza arudi nyumbani kwake.

"Nani atairudisha?" akaniuliza.

"Mimi."

"Taratibu basi. Fuata matundu, usifuate macho."

Jumapili, 10 Machi

Nimeshinda kazini peke yangu. Bawabu na Kasuku walinisaidia kuipandisha ramani ukutani, kisha wakaenda zao. Pini nimezirudisha moja moja, saa sita nzima, mpaka kidole gumba kimekufa ganzi.

Kila pini ina tundu lake. Pini mbili tu ndizo zilizonisumbua: moja nyekundu yenye kibendera cha namba sita, na moja nyeusi. Zote mbili zimekatwa ncha. Kumbe hazikuwa zimechomekwa, zilibandikwa kwa gundi, na gundi ikalegea kwa unyevu. Nikashangaa Fundi wetu, mtu wa usafi vile, kufanya kazi ya kulipualipua. Nikatafuta kwa kioo cha kukuzia, nikaona matundu mawili matupu, yamepanuka vizuri, moja pale mto unapokata kona, jingine ng'ambo ya pili. Kandokando ya lile la konani kulikuwa na chembe za rangi nyekundu. Basi nikachukua pini nzima mbili kwenye kopo la akiba, nikahamisha kibendera, nikachomeka. Nyekundu konani, nyeusi ng'ambo. Kila tundu likapata mwenyewe. Nikajiona fundi hasa.

Kikosi cha Sita ndicho cha marehemu baba. Kibendera chake nilikipangusa mara mbili.

Rejista ya matengenezo ina nafasi ya jina moja, la fundi. Kwa hiyo, kama tunavyofanya miaka yote, nimeandika jina la Fundi na kumwekea saini yake. Huwa ananiambia naiandika vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Wanafunzi sitini. Kasuku ndiye aliyewatembeza. Jina nimempa mimi, na limemganda. Miaka kumi na moja anasema maneno yale yale, na ukimkatiza katikati hawezi kuendelea, inabidi aanzie mlangoni. Akifika kwenye ramani huipa mgongo, anawaangalia wageni, na fimbo yake anaielekeza nyuma bila kutazama: "Na hapa, pale mto unapokata kona, ndipo ulipokuwa mji wa Konani. Usiku ule adui aliuteketeza, watu mia tatu wakiwa ndani ya nyumba zao. Jemadari alipopata habari alilia. Kitambaa alichojifutia machozi ni hiki hapa." Hapo watoto wote hukimbilia kabati la kioo.

Kitambaa kile nakifua mimi mara moja kwa mwaka, kwa maji ya chupa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua usiku kucha. Maktaba 79.

Alhamisi, 14 Machi

Alasiri, wageni wameshaondoka, nilishuka Chumba cha Vita kupima unyevu nikamkuta bibi mmoja mbele ya ramani. Mdogo wa umbo, sweta la kijani, mfuko wa plastiki kichwani kwa ajili ya mvua. Nikamwamkia. Aliitikia bila kugeuka.

"Yule kijana amesema nyekundu ni sisi," akasema. "Ni kweli?"

"Ndiyo, bibi. Nyeusi ndio adui."

"Na pale ni Konani."

"Ndiyo."

"Nani kaiweka hii nyekundu pale?"

Nikajibu kwa kujidai kabisa: "Mimi, bibi. Juzi tu."

Ndipo akanigeukia. Akanishika mikono yote miwili, mikono yake ya baridi, akasema, "Ahsante, mwanangu. Nilidhani nitakufa bila kuiona." Akaketi kwenye kiti cha mpokea simu wa Jemadari, kiti ambacho hata Mkurugenzi hakikalii, na mimi nikashindwa kumwambia ainuke.

Alipoondoka niliisogelea ramani. Nimeisikia habari ya Konani mara elfu, na siku ile ya Jumapili sikuifikiria hata kidogo. Nilikuwa naangalia matundu. Sasa niliangalia kwa macho, nikaona nilichofanya: usiku Konani inaungua, adui nimemweka ng'ambo ya mto, na ndani ya mji nimemweka baba yangu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda kwa Fundi. Amelala sebuleni karibu na dirisha, mkewe anampashia maji ya kujifukiza. Mkewe alipotoka nikamweleza yote.

"Mwaka wangu wa kwanza," akasema. "Nyumba inataka kufunguliwa. Akaja mtu na kadi imechorwa, nyeusi iende konani, nyekundu iende mlimani. Nikamwambia ramani ilikuja hivi kutoka vitani. Akaniambia, sasa itakaa hivi."

"Ukabandika kwa gundi."

"Ningefanyaje? Kutoboa ni milele, binti. Gundi inatoka." Akakohoa. "Na matundu niliambiwa niyazibe."

"Mbona hukuyaziba?"

"Nilisahau."

Miaka thelathini sijamwona akisahau hata msumari. Nilisema hivyo ingawa mimi nina tisa tu, na akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Tumekubaliana: akirudi kazini Jumatatu ya tarehe ishirini na tano atazibandika upya, na hakuna atakayejua.

Alhamisi, 21 Machi

Yule bibi amerudi na wenzake watatu, wazee watupu. Walisimama mbele ya ramani bila kusema neno, kisha wakaondoka. Matope ya viatu vyao nimeyafuta mwenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Fundi amerudi. Kashuka, kaitazama ramani, mikono mgongoni. Nikamletea gundi. "Mvua ipungue kwanza," akasema. "Gundi haishiki kwenye unyevu huu."

Kipimo kilikuwa 68. Tumeshabandika vitu kwenye 80.

Alhamisi, 28 Machi

Leo walikuwa kumi na saba. Mmoja aliletwa kwa kiti cha magurudumu, bawabu na mwana wa mgeni huyo wakambeba ngazi zote kumi na tisa. Kasuku alianza maneno yake, ameipa ramani mgongo kama kawaida, akashangaa mbona hawamtazami yeye. Akageuka. Akamaliza yote mpaka kitambaa, lakini hakuna aliyekwenda kwenye kabati.

Jioni alinifuata stoo. "Dada, ile ramani ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Mimi sijui ramani, mimi najua maneno. Ila leo maneno na ramani havikukaa pamoja."

Nikamwambia akalale. Nimekuwa mkali kwake kuliko alivyostahili.

Jumanne, 2 Aprili

Wizara imetuma barua: Waziri atakuja tarehe thelathini, sherehe ya miaka hamsini ya ushindi. Mkurugenzi anapita vyumbani akisawazisha fremu zilizokwisha kunyooka.

Pamoja na barua amekuja bwana mmoja wa "maandalizi". Mvua ilikuwa inapiga vibaya, na mwavuli aliokuja nao mkononi ulikuwa mkavu kabisa, kwa sababu gari lake lilimleta mpaka kizingitini. Nimembatiza Bwana Mwavuli. Anazungumza polepole na kwa adabu, na kila mtu anamwita dada au kaka. Sikumpenda.

Alhamisi, 4 Aprili

Arobaini na zaidi. Walijaa mpaka kwenye ngazi. Kimya. Bwana Mwavuli alisimama pembeni akiwapiga picha kwa simu, mmoja mmoja, akijifanya anapiga picha kuta.

Nilimwambia Fundi, sasa basi, bandika. Akasema, "Wewe hukuwaona nyuso zao?" Nikamwambia nimeziona, na Bwana Mwavuli kaziona pia. Akashika kibegi chake akaenda nyumbani.

Nina hofu. Naiandika wazi hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Ijumaa, 5 Aprili

Wamechukua rejista ya matengenezo.

Jumatatu, 8 Aprili

Fundi aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi saa tatu, akatoka saa tisa. Tulikutana chini ya paa la stoo. Mvua ilikuwa na kelele nyingi, hakuna ambaye angetusikia.

"Wameniuliza kwa nini niligusa pini tarehe kumi. Jina langu, saini yangu."

"Nitawaambia ni mimi."

"Utanyamaza." Sijawahi kumsikia akisema nami vile. "Mimi nimekula chumvi nyingi, na mwezi wa tano natoka. Watanipa karipio, watanifuta sherehe ya kuagwa. Wewe una mama pale nyumbani. Watakuita utoe maelezo. Saini."

"Fundi, siwezi."

"Mbona yangu unaiweza?" Akanikonyeza. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia Mama. Nilikuwa sitaki, lakini aliona sili. Mama ana picha ya Jemadari sebuleni juu ya redio, aliitundika yeye mwenyewe nikiwa mtoto, na baba aliizoea kwa kukaa kiti kilichoipa mgongo. Nilimweleza habari ya tundu, gundi, bibi wa sweta la kijani.

"Baba yako alikuwa Kikosi cha Sita," akasema.

"Najua, Mama. Aliwahi kukuambia?"

"Hakuniambia kitu. Aliniuliza. Kila mwaka mvua zikianza aliniuliza, 'Hivi wale watoto wanakumbuka?' Mimi nikadhani anawasema nyinyi. Namwambia watoto hawajambo, baba, wamelala."

Baadaye alikwenda jikoni akafungulia maji ya bomba, akayaacha yakimwagika kwenye sinki tupu. Nilimwacha kwanza, halafu nikaenda kuyafunga.

Alhamisi, 11 Aprili

Makumbusho yamefungwa kwa "matengenezo". Wazee walikuja hata hivyo, wakasimama nje ya geti kwenye mvua karibu saa nzima. Niliwaona kutoka dirisha la chumba cha kulala. Bibi yangu wa sweta aliinua mkono. Sijui kama aliniona.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimesaini.

Naandika ilivyokuwa, nisije nikajitungia nyingine baadaye. Ilikuwa ofisi ya Mkurugenzi, lakini Mkurugenzi hakuketi kitini pake, aliketi kwenye kochi la wageni akipekua kalenda ya mwaka jana. Kitini alikuwa Bwana Mwavuli. Aliniagizia chai. Ilikuwa nzuri, niliinywa yote.

"Dada, hatuna haraka," akasema. "Tarehe kumi Machi ulikuwa kazini?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona Fundi anahamisha pini kwa makusudi."

Hakuuliza, alisema. Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa, jina langu chini kabisa na nafasi ya kuweka mkono. Nilisoma. Ilisema Fundi aliniambia kwa mdomo wake kwamba anataka kuchafua jina la Jemadari na la jeshi. Nikasema hilo hakuniambia. Bwana Mwavuli akatikisa kichwa kwa huruma.

"Nyumba mnayokaa wewe na mama ni ile ya wajane wa askari, sivyo? Ni nyumba nzuri. Kuna watu wengi wanaingojea." Akanijazia chai tena. "Mama anapanda ngazi vizuri bado?"

Sikuwa nimemwambia kwamba magoti yanamsumbua Mama. Nikamtazama Mkurugenzi, alikuwa amefika mwezi wa kumi na mbili.

Nilijiambia Fundi mwenyewe ndiye aliyesema nisaini, kwamba ni karipio tu, kwamba anatoka mwezi ujao. Yote hayo yalikuwa kweli na yote niliyasema moyoni haraka haraka, kabla jingine halijafika. Nikachukua kalamu. Ajabu ni kwamba mkono ulitaka kuandika jina la Fundi, kwa mazoea. Ilibidi niusimamishe nianze langu.

Jumatatu, 15 Aprili

Fundi hakuja. Saa sita mkewe akaja getini, viatu mkononi, kanga imelowa chapachapa. Anasema Jumamosi asubuhi gari lilimchukua mumewe "kwa mahojiano ya nusu saa". Alikwenda polisi, wakamwambia hawana mtu huyo. Alikwenda wizarani, wakamwambia arudi makumbusho.

"Wewe ndiye mtu wake hapa," akaniambia. "Anakupenda kuliko wanawe. Hujasikia lolote?"

Nikamwambia sijasikia. Nikampa chai kwenye kikombe cha Fundi.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Hakuna habari.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nimezirudisha pini. Bwana Mwavuli alinipa kadi mpya na kusema hataki gundi safari hii. Nyeusi konani, nyekundu mlimani. "Choma," akasema, na nikachoma. Halafu akanipa unga wa mbao na gundi nizibe matundu ya zamani, nikayaziba, nikayapaka rangi, nikayasugua mpaka hata mimi sikuyaona tena. Ni kazi safi. Fundi angeisifu.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumefungwa bado. Getini hakukuwa na mtu.

Jumanne, 30 Aprili

Waziri amekuja. Mvua ilikatika tangu asubuhi, na kila mtu alisema ni dalili njema. Nilikuwa nimekunja shuka, nimejaza glasi. Waziri aliingia chumbani kwa kunyata kama wengine wote.

Chini, kwenye Chumba cha Vita, Kasuku alifika kwenye ramani. Kamera nne, wakubwa wamejipanga. Akasema vizuri kabisa mpaka "Na hapa, pale mto unapokata kona", akainua fimbo, halafu akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na moja amelifanya mara moja tu: akageuka kuitazama ramani. Akakaa hivyo. Tukangoja. Mkurugenzi akakohoa. Kasuku akaiweka fimbo sakafuni, polepole, akapanda ngazi akaenda zake.

Nimemcheka mtu huyu miaka tisa. Leo niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Waliobaki walitazamana. "Endelea wewe, dada," Bwana Mwavuli akaniambia kwa upole. Maneno nayajua yote, nani asiyeyajua. Nikaokota fimbo. Nikasema mpaka kitambaa.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekwenda kukiri. Siku mbili sikulala, na leo asubuhi nilipiga moyo konde. Nilimwambia Mama afunge nguo zake tayari, tunaweza kutolewa nyumbani. Akanitazama, akasema, "Nenda, mwanangu," akaanza kukunja mashuka. Sijawahi kumpenda kama pale.

Bwana Mwavuli sasa ana chumba kwetu, kile kilichokuwa cha Fundi. Vifaa vya Fundi vimewekwa kwenye boksi mlangoni. Niliingia bila kubisha.

"Pini ile niliweka mimi. Fundi alikuwa mgonjwa kwake. Saini ya rejista ni mkono wangu. Maelezo niliyosaini ni ya uongo. Mwacheni arudi, nichukueni mimi."

Niliyasema yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanivutia kiti.

"Tunajua, dada."

Sikumwelewa.

"Bawabu alitueleza siku ya kwanza. Yeye si ndiye aliyekusaidia kuipandisha ukutani? Tulijua kabla hatujakuita."

"Kwa hiyo Fundi..."

"Fundi tulimtaka kwa mambo yake mwenyewe. Matundu aliyaacha wazi miaka thelathini, hilo si la kusahau. Tulichokuwa hatujui ni wewe. Kama unaweza kuandika ukiambiwa." Akafungua droo, akatoa barua. Nimepandishwa cheo, Mtunza Mkuu. Nyumba ya wajane imeandikwa kwa jina langu, Mama asihangaike. "Na karatasi uliyosaini tunaitunza vizuri. Mkewe Fundi akiisoma itamuumiza bure."

Nilimuuliza Fundi yuko wapi. Akasema, "Mapafu yake hayakuwa mazuri, unakumbuka." Nikamwuliza maana yake nini. Akaniambia nikanawe uso kwanza, kuna wageni.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama kwenye kiti cha baba, mabegi mawili mlangoni. Nilimwambia hatuendi popote. Akauliza, "Wamekusamehe?" Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 6 Mei

Jua. Maktaba 55. Kasuku amehamishiwa kukata majani uwanjani. Tukipishana hanitazami.

Alhamisi, 9 Mei

Tumefungua tena. Bwana Mwavuli ameleta meza ndogo na kitabu kipya cha wageni, amekiweka chini kwenye Chumba cha Vita, mbele ya ramani. Siku nyingine kitabu kitakuwa mlangoni. Alhamisi kitakuwa hapa, na nitakisimamia mimi.

Saa nane akaja bibi, peke yake, sweta lile lile. Mfuko wa plastiki alikuwa ameukunja mkononi maana mvua hakuna. Alisimama akaiangalia ramani. Alisogea, akapitisha kidole karibu na kona ya mto, akatafuta, wala hakuona kitu.

"Wameitoa yako," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Hawakukufanya kitu?"

"Hawakunifanya kitu."

"Alhamdulillahi. Tulikuwa na wasiwasi nawe. Kule getini wenzangu wanasema, yule binti wameshamla." Akanishika mikono kama siku ile. "Wenzangu wamepata woga, wengine wamefuatwa mpaka majumbani. Mimi sina wa kumwogopea, wote niliwaacha kule Konani." Akaona kitabu mezani. "Hiki cha nini?"

"Cha wageni. Mtu anaandika jina na anakokaa."

"Ili ijulikane kwamba tulikuja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alifurahi. Alivuta kiti akaketi, akanisogezea kalamu. "Mimi sikusoma, mwanangu. Niandikie wewe. Na wenzangu nitakutajia, wasisahauliwe, wote ninawajua." Ngazi ilikuwa tupu na mlango wa juu ulikuwa wazi. Ningeweza kumwambia aondoke. Ningeweza kuandika majina ya watu wasiokuwepo, angejuaje? Juu, sakafu ya mbao ililia hatua moja, ikanyamaza. Bibi akaanza na jina lake, la baba yake, mtaa, rangi ya mlango.

"Andika vizuri," akasema, "wasije wakakosea nyumba."

Nikaandika vizuri.